Tanbihi ya 41

Nina kaunta buku moja nene, ya jalada jeusi, ambayo imehama nami nyumba nne sasa. Ndani yake kuna safu tano zilizopigwa kwa rula: namba ya tanbihi, chanzo kilichotajwa, aliyekitafuta, aliyekisoma, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, yenye kichwa cha wino mwekundu: "Je, kinasema hivyo?" Mihadhara mingi niliyoisikiliza chuoni imeshanitoka kichwani. Safu ile ya tano haijanitoka.

Ilikuwa 2009, nikiwa mwaka wa pili wa sheria. Chuo sikitaji, kwa kuwa nitakayosimulia yanamgusa mtu aliyenifundisha na ninayemheshimu mpaka leo. Tulikuwa na jarida la wanafunzi, tukilihariri wenyewe tangu ukurasa wa kwanza hadi jalada. Bodi ya wahariri ilikuwa na watu 11. Ofisi hatukuwa nayo. Tulikutana jioni kwenye kimbweta kilichokuwa chini ya mwarobaini nyuma ya maktaba, na mvua ikinyesha tulihamia kwenye ngazi za jengo la mihadhara. Fedha za kuchapa zilitoka kwenye bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Siku lilipoingia kila mmoja alichanga alichoweza, na mweka hazina wetu, binti mpole wa Songea, hakusahau jina la mtu. Toleo moja lilitoka nakala 200.

Makala ilipofika, katibu aliondoa jina la mwandishi, akaipa namba, akawapa wasomaji wawili. Waliotuletea makala walikuwa wanafunzi wenzetu, mawakili wa mjini, mahakimu, na mara chache wahadhiri wetu wenyewe. Ikipita kwa wasomaji ilikuja kwenye bodi, ikabishaniwa, ikarudishwa kwa mwandishi, ikarekebishwa. Ndipo ilianza hatua tuliyoiita kukagua tanbihi, na sisi wa mwaka wa pili tulianzia hapo.

Kwa msomaji wa kawaida tanbihi ni yale maandishi madogo chini ya ukurasa ambayo jicho huyaruka. Katika sheria ndiyo miguu ya makala. Mwanasheria akiandika kwamba mjane ana haki fulani, au kwamba mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa namna fulani, neno lake peke yake halina uzito. Lazima aoneshe kifungu, au hukumu na ukurasa wake. Kwetu kila tanbihi ilikuwa na watu wawili. Wa kwanza alikwenda kukitafuta chanzo chenyewe, si kitabu kilichokinukuu. Wa pili alikisoma bila kuambiwa chochote na mwenzake, kisha akajibu safu ya tano: ndiyo, hapana, au kwa kiasi. Hilo la "kwa kiasi" ndilo lililotukesha.

Chukua kesi ya Mukisa Biscuit, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1969. Mwanasheria yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaijua, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mtu anapoinua pingamizi la awali. Ilisema pingamizi la namna hiyo ni hoja tupu ya kisheria, isiyohitaji kuitiwa mashahidi ili kujua nini kilitokea. Kwenye juzuu la ripoti za sheria za mwaka ule inaanzia ukurasa wa 696, lakini maneno yanayonukuliwa kila siku yako mahali pawili: ukurasa wa 700, alipoandika Jaji Law, na ukurasa wa 701, alipoandika Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold. Majaji wawili, maelezo mawili yanayokaribiana, lakini si mamoja. Mwaka wangu wa kwanza kwenye bodi nilikuta makala tatu zilizompa Newbold maneno ya Law. Kosa dogo, utasema. Kwangu lilikuwa kama alama ya kidole: linaonesha kwamba mwandishi hakulifungua juzuu, alinakili kwa aliyenakili kwa mwingine. Sisi tuliosoma kwa madesa, yaani notisi zilizonakiliwa kutoka kwa waliotutangulia, tulijua vizuri kosa linavyosafiri. Mtu mmoja anaandika vibaya, stesheneri inatoa kopi, na miaka kumi baadaye darasa zima linajibu mtihani kwa kosa lile lile.

Kuzipata hukumu zenyewe ilikuwa safari. Leo mwanafunzi anafungua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwenye simu, bure, akiwa kitandani hosteli, na sina wivu naye, namfurahia. Sisi tulipanda daladala kwenda kuomba ruhusa ya kuingia maktaba ya mahakama, tukiwa na barua yenye mhuri, tukaambiwa turudi Alhamisi. Tulinakili kwa mkono hukumu ambazo mashine ya fotokopi ilikataa kuzishika kwa sababu karatasi zilikuwa zinakatika. Nimewahi kutumia siku mbili nzima kwa mstari mmoja wa tanbihi, na siku ya pili jioni, nilipoupata ukurasa na kukuta kwamba mwandishi alikuwa sahihi kabisa, neno kwa neno, nilitembea kurudi chuoni nikiwa na furaha ambayo mama yangu hakuielewa nilipompigia simu kumweleza.

Kwa nini kazi hii wapewe wanafunzi? Swali hilo tuliulizwa mara nyingi, hata na watu waliotutakia mema. Marekani desturi hiyo imezoeleka. Harvard Law Review ilianzishwa na wanafunzi mwaka 1887, na mpaka leo wanafunzi ndio wanaochagua makala za kuchapwa, za maprofesa zikiwemo. Mwaka 1890 ilichapa makala ya Samuel Warren na Louis Brandeis kuhusu haki ya faragha, ambayo bado inatajwa kila haki hiyo inapojadiliwa. Mwaka 1990 uongozi wake ukashikwa na kijana ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, Barack Obama, Mmarekani Mweusi wa kwanza katika nafasi hiyo.

Sisi tulirithi desturi ya Uingereza, ambako jarida la sheria kwa kawaida ni la walimu. Eastern Africa Law Review, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1968, ni la kitivo. Hata hivyo wanafunzi wa pale walikuwa wameanza mapema. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia 1964. Chama chao walikiita Denning Law Society, kwa jina la jaji wa Kiingereza aliyeongoza kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Kiafrika, na mapema katika miaka ya 1960 chama hicho kikatoa jarida lake. Ninapofikiria vijana wale, naona ujasiri ambao hatuutaji vya kutosha. Nchi ilikuwa na mawakili Waafrika wachache mno. Wao walikuwa hawajamaliza hata shahada, na tayari walikuwa wanaandika na kuchapa kuhusu sheria ya nchi yao.

Na huwezi kuzungumzia majarida ya wanafunzi pale Mlimani ukaliruka Cheche, ingawa halikuwa la sheria. Lilianza Novemba 1969, likichapwa kwa stensili. Septemba 1970 likatoa toleo maalumu lenye andiko la Issa Shivji, aliyekuwa ametoka tu kusomea sheria pale pale, kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Novemba mwaka huo huo jarida, pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa nyuma yake, likapigwa marufuku. Mwaka mmoja tu. Andiko lile bado linasomwa. Nimelishika mkononi mara moja, na kilichonigusa zaidi ya hoja zake ni ule wino wa stensili uliofifia, na kujua kwamba kuna mwanafunzi aliyezungusha mashine ile usiku.

Sasa tanbihi ya 41.

Makala ilikuja bila jina, kama desturi, lakini kila mtu kwenye bodi alijua ni ya nani. Mtindo ulimtaja. Alikuwa mwalimu wetu, mtu ambaye darasa lilinyamaza alipoingia kabla hajasema neno. Makala ilihusu ardhi na wanawake, na kiini chake kilikuwa kesi ambayo mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuijali: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, tarehe 22 Februari 1990. Imetoka kwetu, wilaya ya Muleba.

Holaria Pastory alirithi ardhi kutoka kwa baba yake kwa wosia. Ilikuwa ardhi ya ukoo. Uzee ulipomfika na hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kupinga mauzo. Alikuwa na sheria mkononi: kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake, lakini si kuiuza. Kashasha wakampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa ushindi Holaria. Bernardo akakata rufaa Mwanza.

Tazama tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini kuzidai mahakamani kuliruhusiwa kuanzia Machi 1988. Holaria aliuza shamba lake miezi mitano baadaye. Jaji Mwalusanya akasema kanuni ile ya kimila inawabagua wanawake, na kwamba mwanamume na mwanamke wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo. Mauzo yakawa halali. Ni hukumu ambayo nadhani kila mtoto wa Kagera angefaa aisome.

Makala ya mwalimu wetu ilisema hivyo, kisha ikaendelea: kwamba tangu siku ile haki ya ukoo kuikomboa ardhi iliyouzwa na mwanamke ilikufa. Mwisho wa sentensi, namba 41. Chini, jina la kesi, bila ukurasa.

Mimi nilikuwa msomaji wa pili. Aliyekitafuta chanzo alikuwa mwenzangu wa chumba, akaniletea hukumu nzima kwenye fotokopi iliyofifia. Nilisoma usiku, kwa tochi ya simu, umeme ukiwa umekatika bweni zima. Nilifika aya za mwisho, nikarudi nyuma, nikazisoma tena. Jaji hakuiua haki ya kukomboa. Alichofanya ni kuisawazisha: mtu wa ukoo anaweza kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi bei yake, na kanuni hiyo ni ile ile, awe aliyeuza ni mwanamume au mwanamke. Na hapo hapo akampa Bernardo, aliyekuwa ameshindwa rufaa, miezi sita ya kuikomboa kwa shilingi 300,000. Akishindwa, ardhi inabaki ya mnunuzi.

Kwenye safu ya tano niliandika "Hapana." Kalamu ilikuwa nzito.

Nieleze kwa nini ilikuwa nzito, kwa wasiotoka tunakotoka. Mwalimu huyu alikuwa rika la baba yangu. Nilimwamkia shikamoo kila nilipokutana naye kwenye korido. Katika malezi yangu mtoto hamwambii mkubwa "umekosea". Akilazimika, humwendea mtu mzima mwingine, naye akayafikisha kwa njia yake. Na hapa nilikuwa nimeandika neno moja, kwa wino, kwenye daftari ambalo watu 11 walilifungua. Usiku ule nilifikiria kulifuta na kuandika "kwa kiasi". Mwenzangu wa chumba alisema, "Msomi, wewe umeulizwa kama inasema hivyo. Inasema?" Nikaliacha.

Bodi ilibishana siku tatu. Wengine walisema tukubali tu, ni mstari mmoja kati ya kurasa 30, na jina lake lingetupa wasomaji. Wengine walitaka tuandike barua kali ya Kiingereza cha kisheria, yenye namba za aya. Mhariri mkuu, dada mmoja wa mwaka wa nne ambaye sasa ni hakimu, alisikiliza wote, kisha akasema barua iandikwe kwa Kiswahili na iandikwe na aliyesoma. Yaani mimi. Niliiandika mara sita. Iliyokwenda ilianza, "Shikamoo Mwalimu," ikamshukuru kwa makala yake, kwa dhati, kwa kuwa ilikuwa nzuri, na ikamwomba atuoneshe ni sehemu gani ya hukumu iliyomfikisha kwenye sentensi ile, kwa sababu sisi tulipofika aya za mwisho tulielewa vingine, na huenda kuna kitu ambacho hatukukiona. Tuliambatanisha kopi.

Siku tisa, kimya. Siku ya kumi akaniita ofisini.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Muleba. Aliniuliza kama najua amefundisha kesi ile kwa miaka mingapi. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi zake za kufundishia, zimekuwa njano pembeni, akanionesha muhtasari wa kesi uliopigwa taipu. Sentensi ile ilikuwemo, karibu vile vile. Tulikaa kimya wote wawili. Nadhani tuliliona jambo lile lile kwa wakati mmoja: kwamba naye alipewa desa.

Kesho yake alituandikia mistari miwili, akaiondoa makala. Baadaye ilichapwa kwingine, na sentensi ikiwa kama ilivyokuwa. Toleo letu lilitoka likiwa jembamba, limechelewa miezi saba, na wapo waliosema tumemvunjia heshima mzee kwa jambo la mstari mmoja.

Nimelifikiria hilo la mstari mmoja kwa miaka mingi. Mimi sasa ni wakili Bukoba, na robo tatu ya mashauri yangu ni ardhi na mirathi. Nimekaa na akina mama walioambiwa na mtu aliyesoma kwamba ukoo hauna tena la kusema, wakauza, na nimekaa na watu wa ukoo walioambiwa kwamba hawana tena cha kufanya, wakarudi nyumbani na hasira badala ya kwenda kutafuta fedha za kukomboa. Na wale wanaoamini kwamba kesi ile ilimaliza ubaguzi wote wa urithi wamekosea kwa njia nyingine. Kanuni za 1963 hazikung'olewa kwenye vitabu. Wajane wawili wa Kisukuma walizipinga Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikakataa kuzibatilisha. Shauri lao lilifika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania ilikiuka haki zao. Hayo hatukuyajua usiku ule wa tochi. Ila sentensi yenye miguu ya uongo humwangusha mtu halisi, mwenye shamba halisi.

Ndiyo maana nalitetea jarida la wanafunzi kwa moyo wote. Wahadhiri wana ratiba, mitihani ya kusahihisha, na wana wakubwa wao wa kuwaogopa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana usiku, ana tochi, na hajajua bado ni maswali gani hayaulizwi. Akipewa daftari lenye safu ya tano, anapewa ruhusa ambayo nyumbani hakupewa na shuleni hakupewa: kumwuliza mkubwa, kwa adabu na kwa maandishi, ametoa wapi. Jirani zetu wa Kenya wanafanya kazi hiyo vizuri. Strathmore Law Review, tangu 2016, inahaririwa na wanafunzi na inasomwa na watu wazima. Nikikutana na kijana aliyepita kwenye bodi kama ile, namtambua kwa jinsi anavyoshika hukumu. Anaanzia nyuma.

Lakini kuna jambo jarida letu halikulifanya, na linanisumbua zaidi kila mwaka. Barua kwa mwalimu tuliiandika Kiswahili. Jarida lote lilikuwa Kiingereza.

Rudi Kashasha. Shauri la Holaria lilianza kwa Kiswahili, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili kwa mujibu wa sheria. Mdai, mdaiwa, mashahidi na washauri wa baraza walisemezana kwa lugha wanayoijua. Kadiri shauri lilivyopanda, ndivyo lugha ilivyobadilika, hata siku Jaji aliposema neno kubwa kuliko yote kuhusu ardhi ya wanawake wa Muleba, alilisema kwa Kiingereza, Mwanza. Makala zilizoandikwa baadaye kulieleza ziliandikwa kwa Kiingereza pia, yetu nayo ingekuwa hivyo. Kosa la tanbihi ya 41 liliishi miaka yote ile kwa sababu waliolihusu hawakuweza kulisoma wakaliona.

Suala hili si geni. Mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria pale Dar es Salaam, A. B. Weston, aliandika mwaka 1965 kuhusu ugumu wa kukikuza Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na Februari mwaka huo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Majarida ninayoyapokea mimi bado ni ya Kiingereza karibu yote. Wahariri wanafunzi ninaozungumza nao wananiambia Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Nawajibu kwamba Mahakama za Mwanzo zimekuwa nayo muda wote: shauri, rufaa, zuio, kiapo, wosia, msimamizi wa mirathi, kukazia hukumu. Yametumika na watu wenye mashamba na ndoa na madeni, yamepimwa kwenye maisha. Kinachokosekana ni makala yenye tanbihi, zilizokaguliwa na watu wawili.

Mwaka jana wenzangu wawili wa bodi ile na mimi tulianza kuitafsiri hukumu ya Holaria, kwa ujumbe wa simu, aya kwa aya, kila aya ikiwa na mfasiri na mkaguzi. Daftari jeusi nikalifungulia ukurasa mpya. Tulikwama kwenye haki ya mwanamke kuitumia ardhi bila kuimiliki. Mmoja alileta neno refu la kitaalamu, na tukalibishania wiki nzima, mpaka mwingine akaandika tu "kula mazao yake lakini asiiuze", ikakaa. Kwenye aya za mwisho hatukukwama hata kidogo. Kukomboa shamba ni neno ambalo babu zetu walilitumia.

Krismasi nikaenda Muleba na karatasi zile. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi peke yake kwenye kibanja alichoachiwa na babu. Hana mtoto. Sisi watoto wa kaka zake ndio ukoo. Yaani, kwenye kesi ile, nafasi yangu ni ya Bernardo. Hilo sikumwambia, na hakuhitaji kuambiwa. Alikaa kwenye mkeka akimenya ndizi, nikamsomea tangu mwanzo: Kashasha, wosia, laki tatu, Mwanza. Aliposikia Kashasha aliinua kichwa. Sehemu ya Katiba aliisikiliza bila kusema kitu, kisu kikiendelea. Nilipofika miezi sita, kisu kikasimama.

"Inaanza kuhesabiwa lini?"

"Tangu siku ya hukumu, shangazi. Tarehe ishirini na mbili, mwezi wa pili."

"Imeandikwa hapo? Au ni wewe unasema?"

Nikamwonesha mstari. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Midomo yake ilisoma polepole. Kisha akahesabu kwa vidole, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, akafika kidole cha sita, akakishika.

"Wa nane," alisema. "Soma tena pale mwisho."

Nikasoma tena.